Nimechomwa sindano nikizoa taka Mbeya. Kituoni swali la kwanza: "Mwajiri wako nani?"

Guta la Alfajiri (mleta uzi)
Jumanne, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za usiku.

Mimi ni mzoa taka hapa Mbeya mjini, huu mwaka wa nne. Kikundi chetu kina watu kumi na moja, wanawake saba na wanaume wanne. Tuna maguta mawili (baiskeli za mizigo za matairi matatu) na mkokoteni mmoja wenye tairi moja la baiskeli na jingine la pikipiki, kwa hiyo unatembea kama umelewa. Tunapita nyumba kwa nyumba, tunabeba viroba mpaka kwenye ghuba la kukusanyia taka, hapo lori linachukua kwenda dampo la Nsalaga.

Leo asubuhi, saa moja kasoro, nimenyanyua kiroba cha unga cha kilo 25. Kimejaa maganda ya ndizi, majivu na pampasi. Kiroba kizito hukibebi kwa mkono tu, unakamata shingo, unakiegemeza pajani, ndipo unakirusha juu ya guta. Kwenye kukiegemeza nikasikia kitu kama mwiba. Nikajua mfupa wa kuku. Kupandisha suruali, tone la damu, vidole viwili juu ya goti. Nikakimwaga kiroba chini pale pale, mama wa jirani akaanza kufoka kwamba nachafua mlango wake, mimi nachambua na kijiti. Ikatoka sindano. Nyembamba, bomba dogo, kifuniko cha rangi ya chungwa kiko peke yake pembeni.

Mzee wetu wa kikundi akasema minya. Nikaminya mpaka pakavimba. Akaleta mafuta ya taa nikapaka. Tukaendelea na kazi hadi saa nne.

Saa tano nikaenda kituo kimoja cha afya. Dada wa mapokezi anauliza ajali ya kazini? Nikasema ndiyo. Mwajiri wako nani? Kikundi. Kikundi cha nani? Cha kwetu wenyewe. Akaniambia ajali ya kazini ina utaratibu wake, lete barua ya mwajiri. Nikaenda kwa kiongozi wa mtaa, anasema yeye anasimamia usafi, hajaajiri mtu. Nikampigia aliyeshinda tenda ya eneo letu, anasema ninyi ni kikundi kinachojitegemea, mimi nanunua huduma tu. Yaani nimezunguka mji mzima natafuta mtu wa kukubali kwamba mimi ni wake.

Mke wangu ana ujauzito wa miezi sita. Sijamwambia. Naombeni msaada, hasa madaktari na manesi wa humu.

Kiazi Mviringo
Pole sana mkuu. Nimekaa hapa nasubiri wajuvi.

Sista wa Zamu
Mleta uzi, ukisoma hapa simamisha mengine yote. Umechomwa saa moja, sasa hivi ni karibu saa tatu usiku. Masaa kumi na nne yameshapita. Dawa ya kuzuia VVU baada ya ajali kama hiyo, PEP, inaanzwa ndani ya saa 72, na hizo 72 ni mwisho wa mlango, si muda wa kupumzika. Inavyozidi kuchelewa ndivyo inavyopungua nguvu.

Nenda usiku huu huu hospitali yenye huduma ya dharura na CTC, yaani kliniki ya VVU. Ukifika sema hivi: "Leo saa moja asubuhi nimechomwa na sindano iliyotumika, aliyeitumia simjui, nahitaji PEP." Ishia hapo. Habari za kikundi na barua usizianzishe wewe. Barua ni ya mambo ya fidia, kidonge hakisubiri barua. Watakupima kwanza, ukiwa huna maambukizi unaanza, kidonge kimoja kwa siku kwa siku 28.

Na usiminye tena. Kuminya kunaumiza nyama tu. Maji yanayotiririka na sabuni, basi. Mafuta ya taa, spiriti, Jik, majivu ya tumbaku, vyote weka mbali na kidonda.

Mtaalamu wa Kijiweni
Mnamtisha mwenzenu bure. Hiyo sindano ya rangi ya chungwa ni ya kisukari. Mwenye kisukari si mwenye ngoma. Halafu kirusi kikipigwa na hewa dakika tano kimekufa. Atakula madawa makali mwezi mzima kwa ajili ya kisukari cha bibi wa watu.

Sista wa Zamu
Mtaalamu, kwenye moja uko sahihi: sindano ya insulini ni nyembamba, damu inayobaki ndani ni kidogo, kwa hiyo hatari yake ni ndogo kuliko ya sindano kubwa ya kutolea damu. Lakini wewe umejuaje nani aliitumia? Wanaojidunga dawa za kulevya wanapenda hiyo hiyo. Na damu iliyobaki ndani ya bomba haipigwi na hewa kama tone la mezani. Humo kirusi kinaweza kukaa siku nyingi, na ubaridi ndio unakihifadhi. Baridi ya Mbeya unaijua.

Kuhusu "mwenye kisukari si mwenye ngoma", watu wanaweza kuwa na vyote viwili. Tuko kwenye ukanda gani? Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 uliweka watu wazima wenye maambukizi Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Tatu bora zote ziko huku kwetu.

Ila ninachotaka msikie wote ni hiki. Kila mtu hapa anaogopa VVU. Sindano yenye damu ya mwenye VVU ikimchoma mtu, huambukizwa kama watatu katika 1,000. Homa ya ini C ni kama wawili katika 100. Homa ya ini B, kwa mtu asiyechanjwa, ni kati ya 6 na 30 katika 100. Na kirusi cha B kinakaa juu ya kitu kikavu siku saba na bado kinaambukiza. Mnaogopa simba, chui kalala mlangoni.

Kwa hiyo mleta uzi, ukifika huko uliza na chanjo ya homa ya ini B. Wanakupima kwanza kama unayo tayari. Kama huna, dozi ya kwanza upate haraka, ikiwezekana ndani ya saa 24, ya pili baada ya mwezi, ya tatu ikitimia miezi sita tangu ya kwanza. Na ya pepopunda. Nchi hii ilianza kuwachanja watoto homa ya ini B mwaka 2002. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo hukuipata utotoni, usijidanganye na kadi ya kliniki ya mama yako.

Kiazi Mviringo
Hii ya 2002 sikuijua. Mimi wa 1994, kwisha habari yangu.

Baba Wawili
Pole kwa mleta uzi, ila tuseme ukweli. Kazi mmeichagua wenyewe. Vaeni glovu na mabuti, mambo yaishe. Kila siku nawaona Mwanjelwa wanashika taka mikono mitupu halafu lawama kwa serikali.

Mama Reflekta
Baba Wawili shikamoo. Mimi niko kikundi kimoja na mleta uzi, kanitumia huu uzi ndiyo nimejiunga leo. Ngoja nikueleze habari ya glovu.

Mwaka jana tulipewa pea sita. Tuko kumi na moja. Unajua tulifanyaje? Mmoja anavaa ya kulia, mwingine ya kushoto. Mkono wa kazi unavaa, mkono wa kusaidia unabaki wazi. Zilikuwa za kitambaa zenye nukta nukta za mpira kiganjani. Ukishika pampasi iliyolowa, maji yanapita kama chujio la chai, halafu yanabaki humo humo ndani unatembea nayo mpaka saa nne. Mikono yangu ilitoka vidonda katikati ya vidole nikaacha kuivaa. Tukanunua zile nyeupe za hospitali, pea moja inachanika kabla hujamaliza uchochoro.

Na mwenzangu kachomwa paja, siyo mkono. Hiyo glovu ya paja wanauza wapi?

Jingine ambalo hamlijui. Kiroba tunakizoa kwa shilingi mia tano, na nusu ya nyumba wanasema pita kesho. Hiyo haimlishi mtu. Kinacholisha ni chupa za plastiki, makopo na vyuma ndani ya hicho kiroba. Kwa hiyo tukifika ghubani tunamwaga na kuchambua. Kwa mkono, kwa sababu ukitumia fimbo lori linakukuta hujamaliza. Kuchomwa kwingi kunatokea hapo, kwenye kuchambua, sio kwenye kubeba. Chupa iliyovunjika, wembe, sindano. Sindano hata si za wagonjwa peke yao. Mtu anachanja kuku wake ishirini, bomba linaishia kwenye maganda ya viazi. Kuna maduka ya dawa yanachoma watu sindano chumba cha nyuma, nayo takataka zake zinakuja kwetu kwenye mfuko mweusi, wamezifunga vizuri kama zawadi.

Mimi binafsi nimechomwa mara tatu. Sikwenda popote. Sikujua kama kuna pa kwenda.

Baba Wawili
Marahaba mama. Nimekuelewa, naomba radhi. Hii ya kulia na kushoto imenimaliza.

Sista wa Zamu
Mama Reflekta, mara tatu na hujapima? Kapime homa ya ini B na C. Kwa pepopunda wewe angalau, kama umezaa kliniki ulichomwa zile sindano za wajawazito. Hawa wanaume wenu ndio hawajawahi kuguswa tangu utotoni. Huwa najiuliza, mke anazoea sindano za pepopunda, mume anayeshinda juu ya vyuma vyenye kutu hana hata moja.

Na glovu haizuii sindano. Hata ile nene ya mpira inazuia maji, kinyesi na mikwaruzo, sindano inapita. Inayosaidia ni kutokumbatia kiroba. Kikae mbali na mwili, kishikwe na wawili, au taka ziwe kwenye ndoo ngumu inayomwagwa juu ya guta.

Guta la Alfajiri (mleta uzi)
Jumatano, saa 11:20 alfajiri

Wakuu nimerudi. Nilikwenda saa nne usiku na bodaboda ya jirani. Nimesema yale maneno ya Sista kama alivyoyaandika, nilikuwa nimeyanakili kwenye kiganja. Hawakuniuliza mwajiri. Wamenipima, VVU sina, homa ya ini B sina. Nimemeza kidonge cha kwanza saa sita kasoro dakika kumi usiku. Pepopunda nimechomwa. Chanjo ya ini nimeambiwa nirudi saa tatu asubuhi.

Daktari kaniambia nitumie kondomu mpaka vipimo vya mwisho viishe. Sasa hapo kwa mke mjamzito nitaelezaje kondomu bila kueleza sindano.

Ndaga Fijo
Mkuu mwambie. Leo leo. Akija kuviona hivyo vidonge kabatini mwenyewe, atajua ni vile vya CTC, hakuna maelezo atakayoyasikia tena. Na ndugu zake wakijua umekwisha.

Bi Mkubwa wa Kisukari
Nimesoma hii habari tangu jana usiku nimeshindwa kulala.

Mimi ni mgonjwa wa kisukari mwaka wa tisa, naishi Mbeya hii hii. Najichoma mara mbili kwa siku. Sindano nikimaliza natia kwenye mfuko, nafunga fundo, natupa kwenye kiroba cha taka. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anakiweka pajani. Kwangu mimi kiroba kikishatoka getini kimekwisha. Leo nimepiga hesabu, mara mbili kwa siku ni sindano zaidi ya 700 kwa mwaka. Kwa miaka tisa.

Sijui kama iliyomchoma ni yangu. Inawezekana. Mwanangu uliyeandika, kama ni yangu, mimi nilipima VVU na homa ya ini mwaka huu na sina. Lakini simjui mwenzangu mwingine. Nifanye nini na hizi sindano?

Sista wa Zamu
Mama shikamoo, na asante kwa kusema. Tafuta kitu kigumu, mfano dumu la mafuta ya kula la lita tatu au chupa nene ya dawa ya kufulia. Chupa ya maji ya kunywa hapana, ni laini, sindano inatoboa. Ukimaliza kuchoma, bomba na sindano vyote vinaingia humo muda ule ule. Andika kwa kalamu ya wino mzito SINDANO. Likifika robo tatu, funga, zungushia gundi ya karatasi, na siku ya kliniki upeleke kule unakochukulia insulini, wakalichome pamoja na za kwao. Hospitali zina maboksi ya njano ya sindano na tanuri la kuchomea. Taka zenyewe za hospitali, karibu 85 katika 100 ni za kawaida kama za nyumbani, zile 15 ndizo zinaangaliwa kwa macho mawili. Huku mitaani hakuna anayeziangalia hizo 15 zikitoka chumbani kwa mtu.

Kihesa Juu
Ninyi wa taka ngumu mna afadhali. Mimi niko gari la kunyonya majitaka, Iringa, mwaka wa saba.

Mwenye nyumba anakuapia choo chake kina maji tu. Ukitumbukiza mpira unavuta vipande vya kanga, pedi, chupa ya bia, mara moja tulitoa simu. Mpira ukiziba lazima mtu autoe, aingize mkono. Ukiachia ghafla wenyewe unaruka kama nyoka, unarusha. Machoni, mdomoni. Jino langu la mbele lilikatika hapo na niliumeza huo uchafu, nasema bila aibu.

Mashimo yasiyofikiwa na gari kuna vijana wanaingia wenyewe na ndoo. Dar wanaitwa vyura. Huku wanaanza na pombe ya ulanzi kwanza, eti unakata harufu. Kumbe harufu ndiyo inayokuokoa. Ile gesi ya yai viza ikizidi pua inakufa ganzi, unaona harufu imeisha, unafurahi, dakika mbili umelala. Na anayemfuata kumwokoa analala juu yake. Hiyo si ugonjwa wa kuambukiza najua, lakini siwezi kupita bila kuisema.

Kila mwisho wa mwezi tunapewa maziwa nusu lita ya kuondoa sumu. Sista, yanaondoa?

Sista wa Zamu
Kihesa Juu, maziwa kunywa kwa afya yako, ni chakula kizuri. Hayaondoi homa ya ini, hayaondoi minyoo, hayaondoi kitu chochote kilichopita jichoni. Hiyo pesa ya maziwa wangenunua miwani ya plastiki na ndoo yenye bomba na sabuni ikae juu ya gari.

Mayai ya minyoo ya tumboni hukaa kwenye udongo na kinyesi kikavu kwa miaka. Minyoo ya safura yenyewe haisubiri mdomo, mabuu yanatoboa ngozi ya mguu. Meza dawa ya minyoo kwa ratiba, muulize mtu wa afya. Na kitu kimoja nimekiona kwa macho yangu kwa wazoa taka wa mtaani kwetu: simu inaita, anapokea na glovu, anaibana shavuni, anamaliza, anavua glovu, ananunua andazi, anashika simu hiyo hiyo kulipia, anakula. Glovu umevua, simu je? Homa ya ini A, kuhara damu na kipindupindu vinapita njia hiyo. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 kilizunguka nchi hii mpaka kikapita wagonjwa 30,000. Anayesomba ndoo wakati kama huo ni nani?

Maabara Kimya
Mimi ni mtu wa darubini, huwa nasoma tu, leo nichangie kidogo.

Mzoa taka akipata homa Mbeya anaandikiwa nini? Taifodi na UTI. Malaria hapa mjini ni kidogo, kwa hiyo kipimo kikirudi hakina kitu, taifodi inakuwa pa kupumzikia. Lakini kuna ugonjwa wa mkojo wa panya, wengi mliusikia Julai 2022 kule Lindi, watu walikuwa wanatoka damu puani, baadaye serikali ikatangaza ni homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa kama 20, watatu walifariki. Yule mdudu anaishi kwenye figo za panya, anatoka na mkojo, anakaa kwenye maji na matope, anaingia kwenye mchubuko au ngozi iliyolowa muda mrefu. Sasa fikiria mvua za Desemba mpaka Machi, mtaro umefurika, mtu anauzibua miguu mitupu.

Dalili huja mara nyingi wiki moja au mbili baadaye: homa ya ghafla, kichwa, macho mekundu bila tongotongo, na misuli ya shavu la mguu inauma hata ukiguswa. Ikizidi, macho yanageuka njano na mkojo unakata. Dawa zake ni za kawaida, doksisaiklini au penisilini, ila lazima mtu afikirie. Na daktari hatafikiria kama hujamwambia unafanya kazi gani. Wazoa taka wengi wakiulizwa kazi wanasema "biashara". Semeni mnazoa taka.

Kule Moshi kuna utafiti wa 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Zaidi ya nusu waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli hawakufika wawili katika 100. Waliobaki walikuwa na mengine, yakiwemo haya ya wanyama.

Halafu kichekesho: Morogoro pale panya buku wamefundishwa kunusa makohozi na kugundua kifua kikuu. Panya mmoja anatupima, mwingine anatukojolea.

Mtaalamu wa Kijiweni
Hapo kwa panya nimecheka. Mleta uzi nisamehe kwa ya jana, meza dawa.

Kanuni za Kazi
Wamesema ya afya, mimi nirudi kwenye swali la yule dada wa mapokezi, maana ndilo limebeba uzi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga na apime afya za wafanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 imeanzisha mfuko, WCF, ambao mwajiri anauchangia yeye peke yake, nusu asilimia ya mishahara, mfanyakazi hakatwi hata senti. Ukiumia au ukiugua kwa sababu ya kazi, mfuko unalipa matibabu na fidia. Kila kitu kizuri kabisa, kinaanza na neno "mwajiri". Ndiyo maana kila mtu analikimbia hilo neno.

Lakini ipo Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Hiki kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja katika orodha. Nani anapanga namna ya kufanya kazi? Nani anapanga saa? Vifaa ni vya nani? Umemfanyia kazi angalau wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita? Unamtegemea yeye kwa kipato? Jina la "kikundi kinachojitegemea" peke yake halivunji hilo.

Kwa hiyo mleta uzi nijibu: ratiba ya mitaa anapanga nani, na maguta ni ya nani?

Guta la Alfajiri (mleta uzi)
Ratiba anapanga mwenye tenda, anatuma kwenye grupu la WhatsApp kila Jumapili. Tukichelewa anakata. Guta moja letu, tulikopa mkopo wa vijana wa halmashauri, la pili lake. Risiti za wateja zina jina lake.

Kanuni za Kazi
Picha za hizo ratiba usifute hata moja. Na karatasi ya hospitali yenye tarehe na saa itunze kama cheti cha ndoa. Kaanzie ofisi ya kazi ya mkoa ukaulize, wakishindwa kuwapatanisha kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikuahidi ushindi. Mwenye tenda naye atakuwa na mkataba wa kuonyesha. Ila nendeni kumi na moja, usiende peke yako, ukienda peke yako Jumatatu jina lako halipo kwenye ratiba.

Mama Reflekta
Hapo kwenye kwenda kumi na moja pana kazi. Watatu wameshasema hawataki matatizo.

Guta la Alfajiri (mleta uzi)
Siku ya 12

Wengi mmeniuliza PM naendeleaje. Dawa siku tatu za kwanza zilinipa kichefuchefu na ndoto za ajabu, sasa sawa, nakunywa saa sita kasoro usiku ile ile niliyoanzia. Mke nimemwambia siku ya pili. Alinyamaza muda mrefu, akauliza "kiroba cha nyumba gani?" Nikamwambia. Akasema hiyo nyumba huwa inampa maji ya kunywa akipita na mimba yake. Hatukuongea tena usiku ule. Asubuhi ndiye aliyeniwekea alamu ya vidonge kwenye simu.

Kazini tumebadilisha mambo mawili. Viroba vizito tunashika wawili, mmoja shingo, mmoja kitako, mikono imenyooka. Na ndoo ya maji yenye bomba imefungwa nyuma ya guta, sabuni ya kipande iko ndani ya soksi ili isidondoke. Glovu bado, mwenye tenda kasema ataangalia bajeti.

Bi Mkubwa wa Kisukari
Dumu langu limefika nusu. Kliniki wamekubali kulipokea, yule nesi aliniuliza nani kanifundisha, nikasema ni vijana wa taka.

Kihesa Juu
Miwani nimejinunulia mwenyewe, ya fundi wa kuchomelea, inaziba mpaka pembeni. Wenzangu wananiita rubani.

Guta la Alfajiri (mleta uzi)
Siku ya 41

Vidonge 28 vimeisha. Jana nimepima wiki ya sita: VVU hakuna. Nimeambiwa nirudi ikitimia miezi mitatu ndiyo watafunga faili. Chanjo ya ini nimechoma ya pili, ya tatu ni ikitimia miezi sita, kadi nimeifunga kwenye nailoni naitunza kwenye kofia.

Ofisi ya kazi tulikwenda watano. Wametupa tarehe ya kurudi na wakamwandikia mwenye tenda barua. Tangu hapo ratiba ya grupu haisemi tena "kikundi", inasema "watoa huduma wenzangu". Kanuni, hiyo maana yake nini?

Kanuni za Kazi
Maana yake amepata wakili. Piga picha na hiyo pia.

Mama Reflekta
Na glovu zimekuja leo, pea kumi na moja, za mpira, mpaka kwenye kiwiko. Zote saizi moja, za mwanaume mkubwa. Nimezifunga na kipande cha mpira kwenye kifundo cha mkono. Kesho tuna zamu ya Isanga saa kumi na moja, tutaona kama zitabaki mkononi.